Dereva Aliyeshindwa Kukaa Kitini

Wenzangu mnaobaki depo, mliniomba niandike machache kabla sijasahau njia. Binti yangu amenionya kwamba mstaafu akishika kalamu watu hujificha. Basi jificheni, mimi naandika. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nilipoanza kuendesha basi hapa Birmingham nilikuwa peke yangu niliyekuwa nikitukana foleni kwa lugha hii, na leo pale mezani pa chai kuna Wakenya, Wakongomani, na Mtanzania mmoja anayetusahihisha sote. Mambo ya vyeo na mishahara siyagusi. Mshahara mnaujua, na cheo nilipata kimoja tu, cha kufundisha madereva wapya, nacho kiliniletea kipandauso.

Mimi ni Mtaita. Kabla ya kuja huku nilikuwa naendesha trekta kwenye shamba la mkonge kule nyumbani, na wanaume waliokuwa wakinicheka ndio hao hao waliokuwa wakiniomba lifti jioni. Uingereza nilimfuata dada yangu muuguzi. Nikatunza wazee kwenye nyumba yao ya kulelewa miaka kadhaa, mpaka mgongo ukaanza kulalamika kuliko wao. Siku moja niko kituoni, mvua inanipiga kama niliikosea, nikaona tangazo ubavuni mwa basi: wanatafuta madereva, mafunzo bure. Nikamtazama aliyekuwa ndani. Alikuwa mkavu, na alikuwa amekaa. Watu huniuliza wito ulinijia vipi, na mimi huwajibu kwamba ulinijia hivyo.

Aliyenifundisha ni Bwana Clifton, Mjamaika aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Siku ya kwanza alinikabidhi mto wa kukalia, akaniambia huo ndio chombo muhimu kuliko usukani, kwa kuwa usukani ni mali ya kampuni lakini makalio ni yangu. Kisha akanifundisha habari ya chai. Kabla ya zamu ni nusu kikombe, basi, kwa sababu choo cha madereva kiko mwisho wa njia na foleni haijali. Nyinyi vijana mnaopanda na kikombe kikubwa cha kahawa mkononi, nimewaona, na nimewaona pia nusu saa baadaye mkiendesha mmebana mapaja.

Alinifundisha pia kwamba basi likichelewa abiria ndio hukasirika, na basi likiwahi ofisi ndiyo hukasirika, na ofisi haisahau. Alinifundisha sanduku la nauli, ambalo halirudishi chenji hata ulie. Abiria anatumbukiza sarafu, wewe unachungulia kwenye kioo. Humo nimewahi kuona vifungo vya shati, pesa za nchi nisizozijua, na mara moja jino. Na alinifundisha kwamba dereva hainuki kitini mwake ila kukiwa na hatari. Ukitoka kwenye kile kibanda cha dereva, alisema, basi halina mtu, hata kama limejaa.

Bwana Clifton ndiye aliyenipa somo la historia ya Marekani, tukiwa tunakula mkate kwenye ngazi za basi huko mwisho wa njia. Yeye mwenyewe alipofika nchi hii kijana, depo moja ya mji mwingine ilimwambia anaweza kufagia mabasi lakini si kuyaendesha, kwa kuwa abiria wangeshtuka. Alisimulia hayo bila hasira, akitafuna. Kisha akanipeleka nyuma zaidi, alipokuwa bado kwao akisikiliza redio: huko Montgomery, katika jimbo la Alabama, mama mmoja mweusi, mshonaji wa nguo, aliambiwa na dereva asimame ampishe Mzungu kiti. Akakataa. Akakamatwa. Watu weusi wa mji ule wakayasusia mabasi yote, wakatembea kwa miguu zaidi ya mwaka mzima, mpaka sheria ikabadilika. Bwana Clifton alisema yule mama amechongewa sanamu, na anastahili, lakini miguu ya wale wapishi na wafua nguo waliotembea kwenda kazini haina sanamu popote. Mimi nikamuuliza kama madereva wa yale mabasi matupu waliendelea kulipwa. Alicheka mpaka mkate ukampalia, nikalazimika kumpiga mgongoni.

Miaka ikaenda. Yeye akastaafu, mimi nikabaki na mto wake. Nikafundisha wapya wengi, wengine wazuri, wengine Mungu mwenyewe anajua leseni walipataje. Lakini kesi ngumu kuliko zote ilikuwa ya dereva bora niliyewahi kumfundisha, na hiyo ndiyo nataka kuwasimulia.

Jina lake ni Furaha, mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Bukavu, mkaazi wa Ladywood kwenye yale maghorofa. Kabla ya kuja kwetu alikuwa akisafisha ofisi usiku. Watoto wake aliwaona wakiwa wamelala tu, akitoka na akirudi, na aliniambia mdogo alikuwa ameanza kumsimulia mwalimu kwamba mama yake huja kwenye ndoto. Alipopata zamu za mchana za basi, kwa mara ya kwanza nyumba nzima ikala chakula cha jioni pamoja. Kwa hiyo alipokuwa kwenye muda wake wa majaribio, kilichokuwa hatarini si kazi tu. Akiachishwa, anarudi kwenye ndoo na ufagio wa usiku, na wale watoto wanarudi kumwona wakiwa wamelala.

Na kuendesha, jamani, alikuwa anajua. Basi la ghorofa mbili alilipitisha kwenye vichochoro vya Hockley, kwenye zile karakana zenye magari ya mizigo yaliyoegeshwa ovyo, bila kugusa hata kioo cha mtu. Kasoro yake ilikuwa moja. Alikuwa haketi.

Mzee akitokea kituoni, Furaha alikuwa ameshafungua mlango wa kibanda, ameshuka. Anachukua mkoba, anachukua troli la sokoni, anashika kiwiko, anauliza habari za magoti. Anamtafutia kiti. Kama viti vya mbele vimejaa vijana, anasimama hapo katikati ya basi mpaka mmoja aone aibu. Huko Selly Oak aliwahi kuwainua wanafunzi wa chuo kikuu wanne kwa ajili ya bibi mmoja, na bibi mwenyewe alikuwa anateremka kituo kinachofuata. Kile kitufe kinachoshusha basi upande wa mlango, likapiga goti, alikipenda mno. Alisema hata basi la Wazungu lina adabu, sembuse yeye. Abiria walimwabudu. Walimletea keki. Nyuma yake mabasi matatu yalikuwa yakisubiri, madereva wakinipigia simu mimi.

Supavaiza wetu wakati huo alikuwa Bwana Trevor, mnamjua wachache wenu, mwembamba, mwenye saa kubwa kuliko mkono wake. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda ratiba tu, kama wengine wanavyopenda mpira. Alikuwa ameshampa Furaha maonyo mawili. Akaniita, akaniambia katikati ya Novemba atapanda basi la Furaha yeye mwenyewe, mwanzo wa njia mpaka mwisho, na binti akitoka kwenye kibanda hata mara moja bila hatari, ndiyo basi, hakuna onyo la tatu.

Nikamweka Furaha chini nikamsema sana. Nilimweleza, nilimtisha, nilimbembeleza, nikamtolea na mifano ya trekta. Alinisikiliza kwa heshima zote, ameinamisha kichwa. Kisha akanijibu kwa kile Kiswahili chao cha Kivu:

"Kichwa inasikia, maman. Miguu njo haisikie."

Kesho yake akashuka kumvusha barabara mzee mwenye boksi la vyuma.

Sasa huo ndio ulikuwa mwaka ule ambao Mmarekani mmoja mweusi, ambaye baba yake ni Mkenya, alikuwa anagombea urais kule kwao. Kanisani kwetu Ladywood, ambako Wakenya na Wakongomani tunasali pamoja, Wakenya tulikuwa tumepagawa. Kila mmoja aligundua kwamba shangazi yake alisoma na jirani wa ukoo wa mgombea. Wakongomani walituuliza kwa upole kama, huyo akishinda, sisi tutakuwa na marais wawili, na kama tunaweza kuwagawia mmoja. Mchungaji naye, kuona watu wamechangamka hivyo, akaamua mwezi wa Oktoba tuandae igizo kuhusu watu weusi wa Marekani na jinsi walivyoibadilisha nchi yao.

Shida ya kwanza ni kwamba kila mtoto wa kiume alitaka kuwa yule mhubiri mwenye sauti kubwa aliyeongoza maandamano. Tukawa na wahubiri kibao na hakuna mtu wa kuhubiriwa. Shida ya pili ni Mzee Bahati. Huyu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu kutoka Uvira, umri umepita sabini, mrefu, hatoki bila suti. Mchungaji aliposema yule mhubiri aliwahi kufungwa jela Birmingham, Mzee Bahati akauliza kituo gani cha polisi, ni hiki cha karibu na mfereji? Ikachukua muda kumweleza kwamba kuna Birmingham nyingine huko Alabama, na kwamba yetu katika jambo hilo haina hatia. Alionekana kusikitika kidogo.

Mwishowe tukachagua hadithi ya mama mshonaji, kwa sababu basi ni viti tu katika mistari miwili, na viti kanisa linavyo. Mimi, kwa kuwa naendesha basi, nikafanywa mtaalamu wa historia ya Marekani. Nikapewa pia nafasi ya yule dereva mbaya. Nilikataa. Niliwaambia sijawahi kumwitia mtu polisi kwa kosa la kukaa. Nimewaitia waliokataa kukaa. Mchungaji akasema nina sare tayari. Mjadala ukaishia hapo.

Kwa kuwa sipendi kufanya kazi bila kuijua, nilikwenda maktaba nikaazima kitabu. Nilijifunza kwamba kabla ya mama yule kulikuwa na msichana wa shule aliyekataa kusimama vilevile, na watu wamemsahau. Nilijifunza kwamba yule mama hakuwa mtu aliyechoka tu siku hiyo, alikuwa mwanaharakati wa miaka mingi. Na nilijifunza kwamba dereva yule yule aliwahi kumteremsha kwenye basi lake zamani, na tangu hapo mama alikuwa akimkwepa, akiona uso wake anasubiri basi jingine, ila siku hiyo hakuangalia. Wenzangu, hilo lishikeni. Dereva akiwa na roho mbaya abiria anamkumbuka miaka na miaka, na wengine huandika mpaka vitabu.

Mama mshonaji alikuwa aigizwe na Furaha. Mchungaji alimchagua kwa ule uso wake mtulivu, na kwa sababu alikuwa na mkoba unaofaa. Mzungu wa kupishwa alikuwa Mzee Bahati. Kumpaka unga usoni tulikataa, tukamtungikia shingoni kadi iliyoandikwa MZUNGU. Alichoomba tu ni kwamba herufi ziwe nzuri.

Tukaanza mazoezi. Furaha ameketi, mkoba mapajani. Mzee Bahati anaingia na kofia yake na kadi yake, anasimama karibu naye. Mimi nageuka kwa ukali, nasema, "Wewe, simama umpishe—" na kabla sijafika kwenye neno bwana, Furaha ameshasimama, anapangusa kiti kwa kitambaa. Mzee Bahati akasema asante binti, akaketi, akanyoosha mguu. Ubaguzi ulikuwa umeshinda hata sijamaliza sentensi yangu.

Mchungaji akaeleza upya kwamba kiini cha igizo zima ni mama kutosimama. Furaha akasema ameelewa. Tukarudia, akasimama. Tukamwambia Mzee Bahati akunje uso, aonekane mkatili. Alijaribu, lakini mazoea ni mazoea, akajikuta anamuuliza Furaha watoto hawajambo. Furaha akasimama ili amjibu vizuri. Tukamtoa Mzee, tukamweka kijana wa jirani yangu, mzaliwa wa hapa hapa, anayeelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza chote. Furaha akampisha, akasema mtoto anaonekana amechoka na shule. Tukamrudisha Mzee, tukamjazia Furaha mkoba Biblia za kanisa ili umlemee. Akasimama nao. Aliyeridhika peke yake ni Mzee Bahati, ambaye ana ugonjwa wa jongo kwenye kidole gumba cha mguu. Kila tulipomuuliza alisema mazoezi yanaendelea vizuri sana.

Wengine walikuwa wanacheka. Mimi nilicheka pia, mpaka nikaacha. Nilikuwa nimemwona Bwana Trevor kichwani mwangu, na saa yake. Kama huyu binti hawezi kubaki kwenye kiti cha plastiki mbele yetu sisi tunaompenda, atabakije kwenye kiti cha basi siku ile? Nikamshika mkono nikampeleka jikoni mwa kanisa, nikafunga mlango. Nilikuwa na hasira ya kweli. Nikamuuliza anataka kurudi kwenye ndoo? Anataka watoto waanze tena kumwota?

Alisuuza kikombe kimoja. Kisha akasema maneno ambayo sikuyatarajia, tena bila machozi, anaangalia sinki.

"Siku ya kukimbia vita, kwa lori, mi nilikuwa mutoto. Nililala juu ya mifuko. Babu alisimama, hakukuwa nafasi ingine. Alisimama mpaka kwa mupaka. Tulifika, akaanguka. Tangu siku ile, maman, muzee akisimama, miye siwezi kuikala."

Moyo wangu uliuma, siwafichi. Nikawasha birika ili mikono iwe na kazi. Lilipochemka nikamwambia lile nililokuwa nalo.

"Babu yako alisimama ili wewe ukae, Furaha. Na wewe kila siku unamrudishia kiti chake."

Alikunywa chai yote, kikombe kizima, akatoka.

Siku ya igizo ukumbi ulijaa. Akina mama wamevaa vitenge, watoto wamekaa sakafuni, na mzazi mmoja wa Nakuru, ambaye ni mlinzi wa duka, amevaa kipolisi na anasubiri nyuma ya pazia na pingu za kuchezea alizonunua mwenyewe. Nikaingia na sare yangu, nikaketi mbele ya viti, nikazungusha usukani wa kadibodi. Abiria wakapanda. Furaha akaketi. Mzee Bahati akaingia na kadi yake, na herufi kweli zilikuwa nzuri, akasimama kando yake akishikilia mgongo wa kiti.

Nikageuka. Nikasema, "Wewe, simama umpishe bwana."

Niliona mikono yake miwili ikishika kiti kwa chini, kila upande, vidole vimekakamaa. Mkoba ukateleza ukaanguka. Hakuuokota.

"Hapana," akasema.

Nikarudia kwa ukali zaidi. Akasema tena hapana, siondoki. Na ndipo kutoka mstari wa tatu mama mmoja, Mkongomani mwenzake, akashindwa kuvumilia. Akauliza kwa sauti ya kusikika huyu binti amelelewa wapi, mzee wa watu amesimama na mguu mbovu. Mama wa Kikenya aliyekuwa kando yake akamuunga mkono. Mwingine akasema jamani mpeni mzee kiti, hata kama ni mchezo. Kabla sijajua nifanye nini, kijana mmoja akatoka nyuma ya ukumbi na kiti amekiinua juu ya kichwa, akawapita watoto, akapanda jukwaani, akakiweka pembeni mwa Furaha. Mzee Bahati, ambaye jongo halikuwa la kuigiza, akashukuru akaketi.

Hivyo, katika historia ya Marekani kama ilivyotokea Ladywood, mama mweusi na Mzungu walikaa bega kwa bega bila mtu kukamatwa, na mimi dereva nikabaki nimegeuka na usukani wangu wa kadibodi mkononi. Mchungaji, mtu mwenye akili, alisimama haraka akatangaza kwamba hilo hasa ndilo watu wa Montgomery walilokuwa wakipigania. Makofi yakalipuka. Yule polisi wa Nakuru alikuwa amesubiri jioni nzima na pingu zake. Akaingia hata hivyo. Akanikamata mimi.

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mimi nilikuwa natolewa jukwaani na pingu za plastiki, lakini nilikuwa namwangalia Furaha. Machozi yalikuwa yanamshuka, mikono bado imeshika kiti. Lakini alikuwa amekaa. Nilifurahi siku ile kuliko siku niliyopata leseni.

Novemba ikaja, na yule mgombea wetu akashinda. Nyumbani Kenya serikali ikatoa sikukuu. Mimi nilikuja kazini alfajiri kama kawaida, na Bwana Trevor akanipa mkono wa pongezi kana kwamba mimi ndiye nimechaguliwa. Niliupokea. Kisha akanikumbusha siku ya Furaha, na furaha ya urais ikaniisha hapo hapo.

Niliruhusiwa kupanda kama mwalimu, kwa sharti nisifungue mdomo. Nikakaa viti vya katikati na gazeti nililolishika juu chini. Bwana Trevor alikaa kiti cha mbele kabisa, karibu na kibanda, ubao wa karatasi mapajani, saa nje ya mkono wa koti. Tulianzia Selly Oak. Wanafunzi walipanda na mikoba yao, nyaya masikioni, Furaha akawakaribisha kwa kichwa tu, breki ya mkono, kioo, twende. Kila kituo kwa wakati wake. Nikaanza kupumua.

Tulipokaribia Ladywood, kituoni alikuwa amesimama bibi wa Kiingereza mfupi, koti la mvua, na troli lililojaa viazi na vyakula vya paka. Basi likapiga goti. Bibi akapandisha mguu mmoja, troli likanasa gurudumu kwenye ukingo wa mlango. Akavuta. Halikuja. Akavuta tena, akayumba.

Nikauona mkono wa Furaha ukienda kwenye komeo la kibanda. Nikaona kalamu ya Bwana Trevor ikiinuka. Nikaanza kusali kwa Kitaita, lugha ninayoitumia kwa mambo mazito tu. Ule mkono ukakaa pale kwenye komeo. Ukakaa. Kisha ukarudi kwenye usukani, na mwingine ukaja pembeni yake, na vidole vikashika kama vilivyoshika kile kiti cha plastiki.

Furaha akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo sikujua anayo, kwamba abiria mmoja wa mbele amsaidie bibi, tafadhali, kwa kuwa dereva haondoki kitini. Hakuna aliyetikisika. Wanafunzi walikuwa na nyaya zao masikioni. Akasubiri, breki ya mkono iko juu. Kisha akasema, bila kugeuza shingo, anaangalia mbele barabarani:

"Bwana mwenye saa. Hicho kiti ulichokalia ni cha wazee."

Bwana Trevor alitazama nyuma kuona ni bwana yupi mwenye saa. Hakukuwa na mwingine. Akasimama. Akalivuta troli mpaka gurudumu likanasuka likampanda kiatuni, akampa bibi mkono, na bibi akaketi palepale alipokuwa amekaa yeye, akaweka troli mbele ya magoti na kumwita kijana mwema. Kiti kingine hakikuwepo. Furaha akamtazama Bwana Trevor kwenye kioo, akamwambia ashike bomba vizuri, akaondoa basi. Tulikuwa bado kwa wakati.

Bwana Trevor alisimama njia nzima mpaka Hockley. Alijaribu kuandika akiwa ameegemeza ubao kwenye dirisha, na kila kona herufi zilikuwa zinakimbia. Aliniinamia mara moja akaniuliza kama hivi ndivyo ninavyowafundisha. Nikasema ndiyo. Nilitaka kuongeza mengine, lakini nikakumbuka sharti la mdomo, nikaligeuza gazeti likae sawa.

Huko mwisho wa njia alishuka. Akatembea hatua kadhaa kwenye mvua, akasimama, akatazama saa yake. Kisha akarudi mpaka mlangoni, akamwambia Furaha apite ofisini Jumatatu achukue zamu zake za kudumu, za mchana.

Furaha alimshukuru akiwa amekaa.